Mfuniko wa Saa ya Mama

14 Januari 2018

Kwa mjomba,

Shikamoo. Huku tunajikongoja, hatujambo. Mkweo amehamishiwa zamu ya alfajiri kiwandani, kwa hiyo saa mbili usiku yuko kitandani anakoroma na mimi nakula peke yangu. Mtoto ameng'oka meno mawili ya mbele kwa wiki moja, anaongea kwa mluzi, na hataki kucheka mbele ya watu. Goti la mkaza mjomba linaendeleaje? Mwambie nimemshonea foronya nne, nitazituma nikipata mtu anayekuja huko.

Nakuandikia kwa kuwa simu huipokei, na ukiipokea unasema "haya" halafu unakata.

Habari yenyewe ni saa ya mama. Imesimama. Tangu tumzike Aprili mwaka jana nimeivaa kila siku kama alivyoivaa yeye, kioo upande wa ndani wa mkono. Novemba ikaanza kuchelewa, dakika tano kwa siku, kisha nusu saa, na mwaka mpya ulipoingia ikagoma kabisa. Nikaipeleka kwa wakala wa kampuni yenyewe, lile duka la mjini ambalo mlango wake unafunguliwa na mlinzi mwenye glavu. Nikakalishwa kwenye kiti laini, nikaletewa maji kwenye glasi ya mguu mrefu. Nikajua hapo hapo kwamba maji hayo nitayalipia.

Wamenipa karatasi yenye mambo kumi na moja. Hawataki kuitengeneza, mjomba, wanataka kuizaa upya. Kusafisha mashine, springi mpya, mipira ya kuzuia maji, kioo kipya. Uso mpya, eti huu "umechoka". Mishale mipya ilingane na uso mpya. Kitufe kipya cha kutilia ufunguo. Kung'arisha bodi mpaka mikwaruzo iishe, kukaza mkanda, kufuli jipya la mkanda, na mfuniko mpya wa nyuma. Jumla sikuandikii, nisije nikakupandisha presha.

Mimi ni mshona mapazia. Mteja akiniletea pazia nimpindie ncha, simwambii ni lazima abadilishe na dirisha. Nilimwambia hivyo yule bwana wa kaunta. Akatabasamu, akasema saa ya hadhi hii ina utaratibu wake.

Unakumbuka alivyoinunua. Wauguzi walilipwa malimbikizo ya mishahara, wenzake wakanunua mabati, yeye akanunua saa, na ukoo mzima ukasema amevaa kiwanja mkononi. Hakuwa na kitu kingine cha anasa maisha yake yote. Na mimi sina kitu kingine chake ambacho kilikuwa kinatembea. Nataka saa hii iende, na nataka ibaki yake. Nilipie nini, niache nini? Wamenipa mpaka mwisho wa Februari.

Na kabla hujajibu hilo, nijibu hili: wewe ni fundi saa miaka arobaini, kwa nini nisikuletee wewe?

Mpwa wako

29 Januari 2018

Mpwa wangu,

Marahaba. Tumeamka, na kwa umri wetu hiyo ni habari ya kutosha. Goti la mkaza mjomba wako limejifanya mtabiri wa mvua. Likimuuma anaanua nguo, na mvua hainyeshi. Foronya usimpe mtu, siku hizi watu wanalalia amana za wenzao. Mwambie huyo kibogoyo wako acheke tu, mimi sina matano na nacheka.

Karatasi yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikiwa nimesimama. Hao si mafundi, ni wauza vipuri waliovaa makoti meupe. Haya, kaa nikwambie.

Kusafisha mashine na kutia mafuta, lipa. Hiyo ndiyo sevisi, mengine ni mapambo. Mafuta ya saa yakikaa sana yanakauka, yanakuwa gundi, ndiyo maana ilianza kuchelewa. Springi lipa, lakini wakuoneshe ya zamani kwanza. Mipira ya kuzuia maji lipa, haifiki hata bei ya glasi yao ya maji. Hayo matatu. Baada ya hapo funga pochi.

Kioo kama hakijapasuka kiache. Kitufe kama ukikizungusha kinashika, kiache. Mkanda kulegea si ugonjwa, umelegea kwa kuvaliwa. Uso umechoka? Hata wangu umechoka, mbona mkaza mjomba wako hajanibadilisha? Uso wa saa ile ulikuwa mweupe, sasa umeiva rangi ya chai ya maziwa, na kuna watu wanatafuta uso wa namna hiyo kwa tochi. Wakikuvulia huo huuoni tena. Mishale ibaki na uso wake, wamezoeana.

Kung'arisha wakatalie, na uwakatalie kwa maandishi. Kung'arisha si kusafisha, ni kusaga chuma. Kila wakisaga bodi inapungua, kona zinalainika kama sabuni iliyokwisha kutumika. Mama yako aligonga saa ile kwenye vyuma vya vitanda vya wodi ya wazazi miaka ishirini na tatu. Kila mkwaruzo pale ni mtu amezaliwa. Leo mtu anakutoza pesa akufutie hiyo kazi, na anakutabasamia.

Mfuniko wa nyuma usiguswe. Mfuniko hauchakai, hauna kazi ya kuuchakaza. Kama utasikia neno langu moja tu, sikia hilo.

Kuniletea mimi ni safari ndefu, na duka langu ni giza. Halafu saa ile sijaitia machoni tangu bibi yako afariki. Mimi na mama yako unajua hatukuwa tukiongea. Sitaki maneno.

Mjomba wako

18 Februari 2018

Kwa mjomba,

Shikamoo. Sote wazima. Mtoto amesomewa maneno yako, sasa anacheka mpaka darasani na mwalimu amelalamika.

Nilirudi kwa wakala na orodha yako, vitu vitatu vya kulipia, vinane vya kuacha. Yule bwana hakuisoma hata nusu. Ni yote au hakuna, akasema. Wakitengeneza nusu hawatoi waranti, na bila waranti hawatengenezi. Na vipuri vya zamani havirudishwi kwa mteja, vinaharibiwa. Nikamuuliza vinaharibiwaje. Akasema, kwa nyundo. Alisema hivyo bila hata kupepesa macho, huku kanishikia kalamu nisaini.

Nikamuuliza mfuniko una kosa gani. Akasema ndani yake una "alama zisizoidhinishwa". Nikamwambia aniletee saa yangu niione, la sivyo nitakaa kwenye kiti chake laini mpaka wafunge. Nilikaa saa nzima na robo. Mwishowe akatoka mama mmoja fundi, kioo cha kukuzia kimepandishwa kwenye paji la uso, akatandika kitambaa cha kijani mezani na kuifungua mbele yangu. Akaniazima kioo chake.

Mjomba, sikuwa najua kwamba fundi akifungua saa hukwaruza kwa sindano, ndani ya mfuniko, alama yake na tarehe, ili fundi wa baadaye ajue nani alipita na lini. Yule mama ndiye aliyenieleza. Kuna tarehe nane, na zote zina alama moja, ngazi ndogo ya vidato vitatu, ile ile iliyochorwa kwenye kibao cha duka lako.

Feb 94. Mac 97. Jan 2000. Feb 2003. Bibi alifariki Juni 2003. Sasa nisomee na hizi nyingine: Mac 2006. Feb 2009. Feb 2012. Jan 2015.

Umeniandikia kwa mkono wako kwamba hujaitia machoni. Miaka kumi na minne jina lako halikutajwa mezani kwetu. Nilikuwa na miaka kumi na saba ugomvi ulipoanza, hakuna aliyeniambia chanzo, nikaambiwa tu mjomba hayupo tena. Hukuja hata kumzika. Nilisimama getini nikikungoja mpaka watu wakaanza kuondoka na viti, na baada ya hapo mimi ndiye niliyekutafuta kwa simu. Kumbe saa yake ilikuwa inakuja kwako na kurudi. Nani aliibeba? Kwa nini hakuniambia? Na wewe kwa nini unanidanganya leo, wakati mwenye kukusuta hayupo?

Zimebaki siku kumi. Nikiwalipa, mfuniko unapigwa nyundo. Nisipowalipa, wanasema hakuna mwingine mji huu anayeiweza. Nijibu kama mtu mzima. Nisamehe ukali, ila siufuti.

Mpwa wako

11 Machi 2018

Mpwa wangu,

Marahaba. Hatujambo. Goti ni lile lile.

Barua yako ilichelewa posta. Kama bado saa iko kwao, itoe. Yule mama aliyekufungulia muulize kando, nje ya duka, anamwamini nani. Mafundi tunajuana. Waranti ni karatasi, na karatasi haizungushi mshale.

Kuhusu tarehe, fundi huandika siku aliyofungua saa. Basi. Kuhusu mazishi, sikuitwa.

Unataka chanzo, haya. Bibi yako alikuwa anakata roho nyumbani, chumba kimejaa watu. Mimi nimemshika mkono huu, mama yako amemshika ule. Pumzi ya mwisho ikatoka. Mama yako akageuza mkono akatazama saa. Mama yetu bado ana joto, yeye anatazama saa yake ya bei ya kiwanja. Nikamuuliza mbele ya wote, una haraka ya kwenda wapi? Hakunijibu. Akainuka akatoka, na mpaka anaingia kaburini hakunijibu.

Sasa niambie ni nani aliyemkosea mwenzake.

Mjomba wako

19 Machi 2018

Kwa mjomba,

Shikamoo. Salamu za watu wa nyumbani zitakuja siku nyingine, leo hazitoki.

Kwanza, msiba hauna mwaliko. Umezika nusu ya mtaa wenu na hakuna aliyekuletea kadi.

Pili, nimeisoma barua yako nikiwa nimekaa kwenye cherehani, nikalazimika kuizima. Mjomba, mama alikuwa muuguzi. Mtu akikata roho mbele ya muuguzi, kitu cha kwanza anachotazama ni saa, kwa sababu dakika ile lazima iandikwe na hakuna wa kuiuliza baadaye. Mtoto akizaliwa ni vivyo hivyo. Miaka yote ile mkono wake ulikuwa ukijigeuza wenyewe, ndiyo maana aliivaa kioo ndani, apate kuiona akiwa amemshika mtu. Alikuwa amemshika mama yake. Hakuwa na haraka ya kwenda popote.

Ilikuwa saa nne na dakika kumi na saba asubuhi. Najua kwa kuwa kila mwaka siku ile, dakika ile ikifika, mama aliacha alichokuwa akifanya, hata kama ni sufuria iko motoni, akakaa. Nilimuuliza mara moja, akanitajia tu saa. Katika ukoo mzima hakuna mwingine aliyebaki na dakika ya bibi. Wewe fundi saa, uliyemshika mkono wa pili, ungeweza kuniambia ilikuwa saa ngapi?

Unashangaa hakukujibu. Ulimuuliza mbele ya chumba kizima, kwa sauti, siku aliyofiwa. Mtu akiulizwa hivyo hajibu, anaondoka. Na wewe ukakaa na swali lako miaka kumi na minne ukilipalilia, badala ya kupanda basi ukauliza tena kwa adabu. Nimekukasirikia kiasi ambacho sijawahi kumkasirikia mtu mzima.

Saa nimeitoa. Nilisaini karatasi kwamba nimekataa huduma, yule bwana akanirudishia kwenye bahasha ya kawaida, hata kiboksi hakunipa. Mama fundi akanifuata nje akanipa anwani nyuma ya risiti. Ni mzee mwenye chumba nyuma ya duka la viatu, anafanyia kazi dirishani, si msemaji. Nimelipia yale matatu uliyosema. Mfuniko, nimemwandikia usiguswe, akasoma, akanitazama, akatikisa kichwa kukubali.

Lakini sikufanya hivyo kwa ajili yako. Nimegombana na watu wenye glavu kwa sababu ya kipande cha chuma kisichozidi kifungo cha koti. Nina haki ya kujua nimetetea nini.

Mpwa wako

27 Mei 2018

Mpwa wangu,

Marahaba, na salamu kwa mkwe na kwa mtoto. Mkaza mjomba wako anakusalimu sana, foronya anazisubiri.

Usishangae mwandiko. Ni wangu. Zile barua mbili nilimtajia maneno mkaza mjomba wako akaandika, hii sikutaka aiandike mtu. Mkono wa kulia unatetemeka, mwaka wa pili sasa. Nilikwambia duka ni giza, na wewe unajua lina dirisha kubwa kuliko mlango. Siwezi tena kushika hata skrubu ya mkanda. Barua hii nimeichana mara tatu.

Sikujua. Nimefungua saa za watu miaka arobaini na sikujua muuguzi huitazama kwa ajili gani. Siku ilipofika barua yako mkaza mjomba wako alikuwa anachambua mchele, nikamuuliza, wewe ulijua? Akasema, kila mtu alijua, nani angethubutu kukwambia? Nikamnunia wiki nzima. Kisha nikaona namnunia bure, aliyetakiwa kununiwa ni mimi.

Sasa nikwambie nilichokuficha. Hakuna aliyeibeba saa. Alikuja mwenyewe.

Machi 2006 nilikuwa nimeinama kazini, nikaona mkono unaweka saa juu ya kaunta. Niliujua mkono kabla ya saa. Hakunisalimu, sikumsalimu. Akakaa kwenye benchi la wateja. Nikaifungua, nikaisafisha, nikaitia mafuta, kazi ya siku mbili nikaifanya kwa saa tano, na saa tano zote alikaa pale. Mteja akiingia namwambia arudi kesho. Nikakwaruza tarehe, nikaiweka kaunta, akaivaa, akaenda. Hakuuliza bei. Baada ya miaka mitatu akarudi, ikawa hivyo hivyo. Mara nne, na hakuna aliyefungua mdomo. Utasema tulikuwa wajinga, sema. Mimi nilikuwa nikihesabu miaka. Mwezi wake ukikaribia nilipiga benchi msasa lisije likamchana nguo.

Januari mwaka jana akaja. Haikuwa zamu yake, ulikuwa umebaki mwaka mzima. Alikuwa amekonda, nikajiambia ni uzee tu. Nikaifungua saa. Mashine safi, mafuta mabichi, inakwenda bila kukosea. Hapakuwa na kazi ya kufanya. Na mkono ulikuwa umeshaanza kutetemeka, sikutaka auone. Nikachukulia amekuja kunidhihaki. Nikafunga mfuniko, nikaisukuma saa mbele yake, nikasema, "Saa haina ubovu."

Ndiyo maneno pekee niliyomwambia dada yangu kwa miaka kumi na minne.

Akasema, "Najua."

Akangoja. Mimi nikainama nikashika saa ya mtu mwingine. Akaivaa yake akatoka, na Aprili mkamzika. Nilifika mpaka kona ya mtaa wenu, nikawaona watu, nikageuza.

Tarehe ya siku ile haimo kwenye mfuniko. Sikuiandika kwa kuwa sikufanya kazi yoyote. Nilitaka zile nyingine nne zisipigwe nyundo, kwa sababu ndizo pekee zinazoonesha kwamba alikuwa akija na nilikuwa nikimpokea. Hicho ndicho ulichotetea. Ukiona hakikustahili gharama yako, utakuwa na haki.

Mjomba wako

20 Juni 2018

Kwa mjomba,

Shikamoo. Mtoto ameota jino moja, la pili linachungulia. Mkweo anakusalimu.

Saa inakwenda. Mzee wa nyuma ya duka la viatu aliniuliza kama naye akwaruze tarehe yake chini ya zako, nikamwambia akwaruze, ndiyo desturi yenu. Amenitoza robo ya bei ya wale wenye glavu. Uso ni ule ule wa rangi ya chai, mikwaruzo yote ipo.

Barua yako nimekaa nayo wiki mbili. Nina hasira na wewe. Nina hasira na yeye pia, aliyepanda basi asubuhi kwa ugonjwa ule akaja mpaka kwako, akashindwa kusema neno moja zaidi ya "najua", na hasira hiyo sina pa kuipeleka. Watu wazima wawili, na ilibidi mtafute saa ya kuwakutanisha.

Nakuja Jumamosi ya tarehe thelathini. Nitakaa kwenye benchi lako na tutaongea, hata kama ni kugombana, hata kama ni saa tano. Usifagie wala usipige msasa. Na usitafute kile kioo chako cha jichoni, kwa maana saa nitaiacha nyumbani.

Mpwa wako